Vipimo vya lazima kwa abiria wa ndege za kimataifa: kinga au usumbufu?

Mdadisi
Wakuu, habari zenu. Kila ukizuka ugonjwa mpya mjadala ni ule ule: hawa wanataka kila abiria wa kimataifa apimwe kwa lazima, wale wanasema ni usumbufu na ulaji wa maabara. Wenye uelewa wa mambo haya, kipimo cha kabla ya safari kinazuia nini hasa? Na kisheria nchi inaweza kumlazimisha mtu?

Sampuli
Kikitumika kama uzio, kinavuja, na kinavujia kwenye muda. Sharti la kupimwa ndani ya saa 72 kabla ya safari linaruhusu sampuli ya siku tatu nyuma. Aliyeambukizwa majuzi anapimwa leo anatoka hasi, kesho kutwa anashuka kwenye ndege akiwa tayari anaambukiza wengine. Ndiyo maana Desemba 2021, aina mpya ya kirusi cha Uviko iitwayo Omicron ilipoibuka, Marekani ilibana muda kutoka siku tatu hadi siku moja. PCR, kipimo cha maabara kinachosaka chembe za vinasaba vya kirusi, nayo ina tatizo la kinyume: aliyepona Uviko anaweza kuendelea kutoa chanya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mabaki ya kirusi, wakati hawezi tena kumwambukiza mtu. Huyo anazuiwa bure.

Halafu kuna hesabu. Chukua abiria 10,000, mmoja kati ya kila 1,000 ndiye mgonjwa, yaani wagonjwa 10. Kipimo kinawakamata wagonjwa 80 katika 100, na kinawasingizia wazima 5 katika kila 1,000. Utakamata 8, wawili watapita, na wazima wapatao 50 watasingiziwa. Katika chanya 58, wagonjwa wa kweli ni wanane tu! Kipimo hicho hicho ukikitumia wagonjwa wakiwa 500, unakamata 400 na kusingizia kama 48. Kwa hiyo kumpima kila mtu wakati ugonjwa ni haba ni kuwatesa wazima. Kupima wanaotoka kwenye mlipuko kuna mantiki, mradi wenye chanya wapimwe mara ya pili kabla ya kurudishwa.

Kipimajoto
Naongezea kamera za joto, maana hizo ndizo watu wanaziona wanaridhika. Wakati wa SARS, ugonjwa mkali wa mfumo wa kupumua, mwaka 2003 zilitumika kwa mamilioni ya abiria Canada na Singapore, na hazikunasa mgonjwa hata mmoja wa SARS. Mtu ambaye bado hajaanza dalili hana joto la homa, na aliyemeza paracetamol saa chache kabla analishusha. Ebola inaweza kujificha hadi siku 21, hivyo abiria anapita akiwa mzima kabisa machoni pa kamera. Kumpa namba ya kupiga akianza kuumwa, na kumfuatilia kwa hizo siku 21, kunasaidia zaidi.

Kanuni2005
Mdadisi, kuhusu sheria: rejea Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Kwa kawaida msafiri hapimwi bila ridhaa yake. Akikataa pale kipimo kinaporuhusiwa, nchi inaweza kumnyima kuingia, na ikiwepo hatari ya wazi kwa afya ya umma inaweza kumlazimisha kwa sheria zake. Nchi inayozuia au kuchelewesha wasafiri zaidi ya saa 24 kwa hatua za ziada inatakiwa kuijulisha WHO (Shirika la Afya Duniani) ndani ya saa 48 na kutoa sababu za kiafya.

Kifungu cha 40 cha Kanuni hizo ndicho watu wengi hawakijui: uchunguzi wa kubaini afya ya msafiri haupaswi kutozwa ada, isipokuwa kwa anayeomba ukaazi. Ila kipimo kikifanyika kabla ya safari kwenye maabara binafsi, pesa haipiti kwa serikali iliyoweka sharti, na kifungu kinabaki hakina meno. Kwa maoni yangu, manung'uniko mengi ya wasafiri yanatokea hapo. Anayeweka sharti ndiye alipe.

Mdadisi
Asante mkuu. Na sharti likiwepo, ni kipi kinawakwamisha watu kaunta?

Sampuli
Saa. Nchi nyingine zinahesabu tangu sampuli ilipochukuliwa, nyingine tangu majibu yalipotoka. Nyingine zinaanzia ndege ya kwanza, nyingine ile ya mwisho inayoingia kwao. Ukiunganisha ndege, soma sharti la kila nchi unayopitia. Jina na namba kwenye cheti vifanane na pasipoti.

Kwa homa ya manjano, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanja mkesha wa safari hakukusaidii. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe: tangu Julai 11, 2016 inahesabika ya maisha. Na ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, baadhi ya nchi zitakudai cheti hata kama hukutoka nje ya uwanja.