Hivi Thomas Müller anapendwa kwa lipi hasa?

Mzee wa Pembeni
Wakuu, nisaidieni. Nimemtazama huyu jamaa miaka na miaka na bado simwelewi. Kasi hana, chenga hana. Miguu njiti, soksi zimeshuka, akifunga unadhani mpira umemgonga tu. Halafu naambiwa mechi 756 Bayern Munich, mabao 250, ubingwa wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mara 13! Alipoondoka 2025 kwenda Vancouver Whitecaps ya Kanada, mashabiki wakawa kama waliofiwa. Mimi naona bahati tu.

Kona Fupi
Bahati gani hiyo ya miaka zaidi ya 15, mkuu? Tatizo lako unautazama mpira. Müller anaonekana pale ambapo mpira haujafika. Rudia bao la kwanza la Ujerumani dhidi ya Brazil, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2014, dakika ya 11. Mwenzake Kroos anapiga kona, watu wamesongamana langoni. Anayemkaba ni David Luiz. Jamaa anajichomoa, Luiz ananasa katikati ya miili ya watu, na mpira unapotua Müller yuko peke yake kama anasubiri basi. Anauweka tu kwa upande wa mguu. Zile 7-1 zilianzia hapo.

Mwenyewe mwaka 2011 alijiita Raumdeuter. Kwa Kijerumani, mwagua ndoto ni Traumdeuter. Ukiondoa herufi moja unapata mwagua nafasi. Sijasikia mchezaji mwingine aliyejieleza vizuri hivyo.

Jezi 13
Na Maradona je? Machi 2010, Argentina imeifunga Ujerumani 1-0 pale Munich, kocha wao Maradona anamkuta kijana Müller kwenye meza ya waandishi, anagoma kukaa naye. Alidhani ni muokota mipira! Julai wakakutana robo fainali ya Kombe la Dunia, Cape Town. Dakika ya 3 tu, muokota mipira kapiga kichwa, wavuni. Ikaisha 4-0, na Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora akaondoka nacho akiwa na miaka 20.

Sina Timu
Msimpambe sana. Euro hajafunga hata bao moja maisha yake yote. 2021 pale Wembley alibaki na kipa wa England tu, akapiga nje. Kombe la Dunia nako mabao yake 10 yote ni ya 2010 na 2014. 2018 na 2022 hakuna kitu.

Kona Fupi
Kweli tupu, sibishi. Lakini kocha Löw alimwacha timu ya taifa Machi 2019, na msimu uliofuata akatoa pasi za mabao 21 kwenye Bundesliga, rekodi. Wengine wangenuna.

Kuhusu kupendwa: ni mtoto wa Pähl, kijiji cha Bavaria, aliingia akademi ya Bayern mwaka 2000 na hakutoka hadi 2025. Tena mdomo haufungi. Uwanjani anapanga watu na kupiga kelele mwanzo mwisho, ndiyo maana wanamwita Radio Müller. Watu wa kwao wanamsikia anaongea kama jirani yao.

Mzee wa Pembeni
Nimerudia ile kona mara nne. Mara tatu za kwanza nilijikuta namtazama Kroos. Ya nne nikaufunika mpira kwa kidole kwenye kioo cha simu, nikamfuata yeye tu. Aisee, Luiz alikuwa ameshampoteza kabla mpira haujashuka.

Ile ya Wembley lakini sijamsamehe. Niliwabashiria Wajerumani.