Sabufa kwenye redio ya kiwandani: mlio wa injini na besi inayopotea

Muulizaji (Dar es Salaam)
Wakuu, salaam. Nina Toyota Premio ya mwaka 2008 ambayo redio yake ni ileile iliyotoka nayo Japani. Sitaki kuing'oa kwa sababu kamera ya nyuma imeungwa kwenye skrini yake, ingawa mpaka leo kila asubuhi inanisalimia kwa Kijapani. Mwezi uliopita fundi alinifungia kwenye buti sabufa moja ya inchi 12 pamoja na amplifaya iliyoandikwa wati 1500, na tangu hapo nina matatizo matatu. Redio ikipiga injini ikiwa imezimwa, sauti ni safi. Nikiwasha injini unaingia mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Nikiongeza sauti kupita nusu, besi inafifia ilhali spika za milangoni zinazidi kupaza. Usiku, taa za dashibodi zinapungua mwanga kila sabufa inapopiga. Fundi anasema ninunue kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Kabla sijatoa fedha nyingine, naomba ushauri wenu.

Jibu la kwanza
Ndugu, hiyo kapasita iweke kando kwanza. Mlio unaofuata mwendo wa injini asili yake ni alteneta, yaani mtambo unaozalisha umeme wa gari, na mara nyingi unapenyea kwenye waya wa hasi wa amplifaya, ule ambao mafundi huuita ethi. Funua kapeti ya buti uone ulikofungwa. Kwenye gari langu niliukuta umebanwa kwa skrubu ndogo ya bati, juu ya rangi, na ukiutikisa kwa kidole unacheza. Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga kwa bolti na nati kwenye bodi yenyewe, waya usiozidi nusu mita, na mlio ukakoma siku hiyohiyo. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse. Angalia pia kama waya wa sauti umelazwa pamoja na waya mnene wa betri. Hizo mbili zipite pande tofauti za gari.

Jibu la pili
Mimi ningebadilisha redio, tukamaliza habari. Redio yenye matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye amplifaya, haitapunguza besi, na kamera mara nyingi huungwa upya kwa adapta. Isitoshe, redio nyingi za Japani za umri huo FM yake inaishia megahezi 90.

Muulizaji
Nashukuru. FM nilishaifungia kibadilisha masafa, na kubadilisha redio naiacha iwe hatua ya mwisho.

Jibu la tatu
Mkuu, redio unaweza kubaki nayo, ila hilo la besi si kosa la fundi. Redio nyingi za kiwandani hupunguza besi zenyewe kadiri sauti inavyopanda, ili kuzilinda spika ndogo za milangoni, na sabufa yako inapokea kile tu kilichobakizwa. Ili uhakikishe, piga sauti ya majaribio ya hezi 50, yaani besi, weka mita ya umeme upande wa AC kwenye nyaya za spika ya nyuma, kisha panda hatua moja moja. Volti zikigota au kushuka, wakati kwa hezi 1000 zinaendelea kupanda, jibu umelipata. Dawa yake ni kigeuzi cha sauti chenye uwezo wa kurudisha besi iliyokatwa, kinachofungwa kati ya nyaya za spika na amplifaya. Mwambie fundi asiunge hasi ya spika kwenye bodi kamwe, maana katika redio hizi nyaya zote mbili za spika hubeba umeme wa sauti, na kuiunga hivyo kunaweza kuiunguza redio.

Kuhusu taa, zisahau hizo wati 1500 na utazame fyuzi zilizo ubavuni mwa amplifaya. Zikiwa mbili za ampea 25, jumla ni ampea 50. Zidisha kwa volti 13.8 upate wati 690 zinazoingia, na hata amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, itatoa takriban 550 tu. Kwa mzigo huo waya wa shaba wa milimita za mraba 21 unatosha. Pima volti kwenye betri na kwenye amplifaya, injini ikiwa inawaka na besi inapiga: betri ikibaki juu ya 13 huku amplifaya ikishuka hadi 11, basi waya au maungio yake ndiyo yanayokunyima umeme, zikishuka zote mbili, alteneta au betri imezidiwa, na kapasita haizalishi umeme. Halafu fungua boneti utafute fyuzi ya waya huo, ambayo inapaswa kuwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi za kwenye amplifaya hazizuii moto iwapo waya utachubuka njiani na kugusa bodi.

Muulizaji
Nimeangalia jioni hii. Ethi imefungwa juu ya rangi, kama alivyosema mchangiaji wa kwanza. Kwenye betri hakuna fyuzi kabisa. Waya kwa nje ni mnene kama kidole, lakini nilipokwangua uzi mmoja kwa kisu, wekundu wa shaba ulitoka na ndani ukabaki mweupe, yaani alumini iliyopakwa shaba. Nimeuchomoa upande wa betri, na gari litakaa bila sabufa mpaka nipate waya mwingine na fyuzi ya ampea 60.