Je, NECTA irejeshe orodha ya shule kumi bora, au kuna njia ya haki zaidi ya kuzipima shule?

MzaziMlezi (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, Januari 2023, wakati wa kutoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilitangaza kwamba halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora kitaifa. Hoja iliyotolewa ni kwamba orodha zile hazikuwa na tija, shule hazilingani kimazingira, na Baraza lilijikuta linazifanyia shule matangazo ya biashara. Hoja hizo sizipingi. Ninachokiona, hata hivyo, ni kwamba orodha haijafa bali imehamia mikononi mwa watu wengine. Kwa kuwa matokeo ya kila kituo cha mtihani, yaani kila shule, bado yanawekwa hadharani, haupiti muda kabla watu hawajakokotoa wastani wa vituo na kusambaza orodha zao wenyewe, na kila shule yenye uwezo wa kuchapisha bango hutundika bango.

Hivi karibuni nilisimama mbele ya bango la shule moja ya binafsi ambayo nilikuwa nafikiria kumpeleka mwanangu. Idadi ya daraja la kwanza ilikuwa kwa tarakimu kubwa nyekundu, ya daraja la pili chini yake, kisha zikafuata sifuri tatu zilizopangwa vizuri mbele ya daraja la tatu, la nne na daraja sifuri, yaani la waliofeli. Nilipomuuliza mwalimu aliyenipokea kwamba darasa lile lilikuwa na wanafunzi wangapi lilipoanza kidato cha kwanza, alinijibu kwamba takwimu hizo hazitolewi kwa wazazi.

Naomba mawazo yenu kwa mambo mawili. Je, orodha rasmi irudi ili angalau kuwe na chanzo kimoja kinachoaminika, au hata matokeo ya shule moja moja yasitangazwe? Na kwa nini uamuzi mzito kama huu hufanywa kwa tamko la siku ya matokeo, bila kuwekwa kwanza mbele ya wananchi na wawakilishi wao?

Mwalimu wa Taaluma

Ndugu mzazi, nashukuru kwa mada. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata, moja ya zile zilizojengwa kwa nguvu za wananchi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na nasema bila kuzunguka kwamba sitaki orodha ile irudi. Kupimwa sikuogopi, tunapimwa kila siku. Ninachokataa ni kipimo kinachonihesabia kazi isiyo yangu. Shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe hupokea watoto waliochaguliwa kwa ufaulu wa juu wa darasa la saba. Seminari na shule nyingi za binafsi zina mitihani yao ya kujiunga. Sisi tunapokea kila mtoto aliyepangwa kwetu, akiwemo anayehangaika na aya moja ya Kiswahili, na kuanzia wiki za mwanzo tunatakiwa kumfundisha fizikia kwa Kiingereza. Ukituweka sote kwenye mstari mmoja miaka minne baadaye na kumtangaza aliyetangulia, unachotangaza kwa kiasi kikubwa ni nani alichagua wanafunzi wake.

Hayo wengi wanayajua. Kisichosemwa vya kutosha ni kile ambacho kushindanishwa hufanya ndani ya shule. Daraja la mtahiniwa wa kidato cha nne hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5, na jumla ya pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Alama 29 ni F, alama 30 ni D. Mkuu wa shule anayejua kwamba ataitwa kueleza idadi ya sifuri zake atawaelekeza walimu kwa watoto walio karibu na mpaka huo, na hivyo ndivyo inavyokuwa: makambi, majaribio ya kila wiki, maswali ya miaka iliyopita yakirudiwa hadi watoto wanayakariri, huku mtoto wa alama 10 na yule wa alama 60 ambaye angeweza kufika 80 wakikosa mtu wa kuwashughulikia. Nimekaa katika kikao ambacho majina ya wanafunzi yaliandikwa ubaoni kwa mafungu, wanaoweza kuokolewa upande mmoja na wasioweza upande wa pili. Hakuna aliyepinga, kwa sababu kila mmoja wetu alijua barua ya kujieleza itamwangukia nani.

Shinikizo hilo lina upande mbaya zaidi. Oktoba 2018 NECTA ilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba kwa shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba, pamoja na baadhi ya shule za kwingineko, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakalazimika kufanya mtihani upya. Sisemi kwamba orodha ndiyo iliyozaa udanganyifu ule. Nasema kwamba pale ambapo cheo cha mtu mzima kinategemea nafasi ya shule au ya halmashauri, watu wazima huanza kuushughulikia mtihani badala ya kumshughulikia mtoto.

Mlipakodi

Mwalimu, naheshimu kazi yako na sina shaka na uliyoyaeleza, lakini dawa unayoipendekeza inamponza mtu mwingine. Mzazi mwenye fedha na jamaa wenye vyeo hakosi habari. Atapiga simu na kuelezwa shule ipi ina walimu wa sayansi na ipi haina. Anayebaki gizani ni yule ambaye orodha ya gazetini ndiyo ilikuwa habari yake pekee. Isitoshe, shule za serikali zinaendeshwa kwa kodi, na tangu Januari 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, sehemu ya gharama zake imebebwa na sisi sote. Nina haki ya kujua shule ipi imefanya nini, kwa jina lake.

Naongeza kwamba kiongozi wa siasa haumizwi na mjadala wa jumla kuhusu ubora wa elimu, kwa sababu kila upande unaweza kudai ufaulu umepanda. Anaumizwa na namba za shule iliyo jimboni kwake. Zikiondolewa hizo, anayepumua ni yeye.

Mthibiti Mstaafu

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa shule kwa muda mrefu, na nimeikuta ikibadilishwa jina kuwa uthibiti ubora, kwa hiyo niruhusuni nianze na swali la pili la mzazi, ambalo naona limepitwa haraka.

Februari 2013 Waziri wa Elimu, Dkt. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ambamo takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na Mei mwaka huohuo Serikali ikalieleza Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa na yatapangwa upya, kwa maelezo kwamba utaratibu mpya wa kupanga alama ulikuwa umetumika bila maandalizi ya kutosha. Kisha matokeo ya 2014 yakatolewa kwa wastani wa pointi badala ya madaraja, na mapema 2016 Waziri Joyce Ndalichako, aliyewahi kuliongoza Baraza lenyewe, akaagiza madaraja yarudi. Katikati ya hayo, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza 2013, Serikali yenyewe ilikuwa inazipanga shule kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Miaka kumi baadaye tukaambiwa kwamba kuzipanga shule hakuna tija. Familia yenye watoto waliomaliza 2011, 2014 na 2016 imepokea matokeo kwa mitindo miwili tofauti na kurudi tena ule wa kwanza, na sidhani kama kuna aliyekuja kuwaeleza sababu.

Ninachotaka kusema ni kwamba kipimo cha elimu kwetu kimekuwa kikibadilishwa na yeyote aliyekalia kiti, kwa sababu hakuna kanuni inayosema nini kitangazwe kuhusu shule, kwa namna gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kukibadili. Baraza lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na linaendesha mitihani kwa nguvu ya sheria hiyo. Utoaji wa taarifa za shule nao unastahili uzito huohuo. Mlipakodi ana haki ya kujua, na Mwalimu ana haki ya kutoonewa. Haki hizo mbili hazigongani ila pale tunapong'ang'ania kutoa alama ghafi peke yake.

Kila mwanafunzi sasa ana namba ya utambulisho iitwayo PREM inayomfuata kutoka shule ya msingi hadi sekondari. Kwa namba hiyo Baraza linaweza kuchukua alama za mtoto za darasa la saba, za upimaji wa kidato cha pili na za kidato cha nne, likazilinganisha na za watoto wengine nchini walioanzia mahali palepale. Shule iliyopokea watoto wa D ikawatoa na C imefanya kazi kubwa kuliko iliyopokea watoto wa A ikawatoa na B, lakini kwa orodha ya zamani ya pili ndiyo ingepigiwa makofi. Huko England kipimo cha aina hiyo, kinachoitwa Progress 8, kilianza kutumika kwa shule zote mwaka 2016. Nacho kimelaumiwa, kwa sababu hakizingatii umaskini wa familia, na lawama hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, angalau kinauliza swali linalohusu shule.

Na hapo ndipo lile bango la mzazi linapojibiwa. Mtoto aliyepokelewa kidato cha kwanza katika shule fulani, kisha akaondolewa kimyakimya kidato cha tatu kwa sababu ya wastani wa ndani, au akaandikishwa kufanya mtihani katika kituo kingine, namba yake haipotei. Ahesabiwe kwenye shule iliyompokea. Serikali imekemea uchujaji huo mara nyingi, lakini makaripio hayajawahi kufika kwenye bango.

MzaziMlezi (mwanzisha mada)

Mzee wangu, nashukuru sana. Hilo la kumhesabu mtoto kwenye shule iliyompokea ndilo nililokuwa nalitafuta bila kujua namna ya kulisema. Wasiwasi wangu ni kwamba kipimo cha maendeleo ya mwanafunzi ni kigumu kukieleza, na mzazi wa kawaida atarudia kuangalia idadi ya daraja la kwanza kwa sababu hiyo anaielewa. Je, hatutakuwa tumetengeneza kipimo cha wataalamu?

Mwalimu wa Taaluma

Sioni ugumu huo, ndugu mzazi. Sentensi tatu kwa kila shule zinatosha: waliopokelewa kidato cha kwanza walikuwa wangapi na walikuwa na ufaulu upi, waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni wangapi kati yao, na wamevuka au wamebaki chini ya wenzao wa kiwango kilekile. Mzazi anayeweza kusoma bango anaweza kusoma hayo. Mlipakodi naye atapata namba zake kwa jina la shule, na mbunge wake atabaki na la kujibu, hasa ikiongezwa sentensi ya nne: shule ina walimu wangapi wa hisabati na sayansi. Mtu asinihukumu kwa matokeo ya fizikia bila kutaja kwamba sina mwalimu wa fizikia. Kwa masharti hayo niko tayari shule yangu itangazwe hata kesho.

Mlipakodi

Hiyo sentensi ya nne naikubali kwa mikono miwili, mradi isije ikawa kisingizio cha kila mwaka.

Mthibiti Mstaafu

Kuna jambo la ratiba ambalo naomba lisisahaulike. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya lazima inakuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtihani wa darasa la saba kwa sura tunayoijua unafika mwisho. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na mwaka 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Wakati huo shule za kata zitajaa kuliko wakati wowote, na kila anayetaka kueleza kushuka au kupanda kwa ufaulu atakuwa na sababu mkononi.

Ikiwa makundi hayo yatapimwa kwa namna mbili zisizolingana wakati wa kumaliza elimu ya msingi, basi watakapofika kidato cha nne mwaka 2031 hatutakuwa na mahali pamoja pa kuanzia kuwalinganisha, na kipimo tunachokizungumza hapa hakitawezekana kwao. Kwa hiyo Baraza na Wizara wanapaswa kuamua kabla ya 2027 kwamba upimaji wa darasa la sita utatoa alama zinazoweza kuwekwa sambamba na za darasa la saba, uamuzi huo uandikwe kwenye kanuni na uchapishwe. Wazazi walio kwenye kamati na bodi za shule wanaweza kuanza kuliuliza swali hilo kwa maandishi sasa hivi, kwa Afisa Elimu wa halmashauri na kwa mbunge wao.