Mama kazaliwa 1 Januari 1970, fomu inasema 31 Desemba 1969

Mwana wa Wete, Leicester
Asalaam alaykum jamaa. Nisaidieni kabla ya Jumanne. Nimemjazia mama ombi la visa ya matembezi kwa wakala mmoja wa hapa. ZanID (kitambulisho cha Zanzibar) mkononi, pasi mkononi, nikabonyeza 1 Januari 1970 kwenye kalenda yao. PDF imetoka 31 Desemba 1969. Nimejaza mara tatu, vilevile. Wakala anasema kosa langu. Nyote mnajua tarehe za wazee wetu: bibi anasema mama kazaliwa karafuu zimo majamvini, karani akaandika mosi Januari yakesha. Sasa hata hiyo wanamnyang'anya. Nifute nilipe upya, au apeleke barua siku ya alama za vidole?

Mama Nassor, Milton Keynes
Pole mwanangu. Nassor wangu kazaliwa 12 Julai, fomu ya skuli ikatoka 11 Julai. Mdogo wake wa Novemba yake ikatoka sawa. Nikaambiwa ni hii saa ya kiangazi, Waingereza wanavyosogeza saa moja mbele.

Ami wa Muscat
Mama Nassor, soma vizuri alichoandika. Januari Uingereza ina saa ya kiangazi gani? BST, hiyo saa ya kiangazi, huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, ikesha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kijana kabonyeza vibaya.

Mchangamdogo, London
Ami, shikamoo, lakini hapo umekosea. Uingereza ilikaa saa moja mbele ya GMT mfululizo, baridi na joto, tangu 1968 hadi 31 Oktoba 1971. Kompyuta zina jedwali la saa za dunia, na hilo wamelitia. Programu ya wakala haikuhifadhi tarehe, imehifadhi saa sita ya usiku wa manane ya London. Ikaigeuza kuwa UTC, saa ya dunia iliyo sawa na GMT, ikarudi nyuma saa moja: saa tano usiku, 31 Desemba 1969. Halafu ikakata saa, ikabakisha tarehe. Ndiyo kisa cha Nassor na mdogo wake. Siku ya kuzaliwa ni mwaka, mwezi na siku, basi. Aliyeiandikia saa ndiye mkosa, si kijana wala mama yake.

Bint Makunduchi, Birmingham
Mimi walinila saa nzima. Zamu ya usiku wa kurudisha saa, Oktoba, nimeingia saa nne usiku nimetoka saa mbili asubuhi. Mashine imehesabu kumi. Nilikaa kumi na moja, na mgonjwa wangu nimemgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, daftari lipo.

Mchangamdogo, London
Hilo hilo dada. Watu wanaandika siku ni saa 24. Jumapili ile ya Machi ina 23, ya Oktoba ina 25. Mtu akitoa tarehe moja katika nyingine, akagawa saa zilizobaki kwa 24, siku 30 zenye ile ya Machi ndani zinatoka 29 na kitu, kitu kinakatwa.

Ami wa Muscat
Nimekubali hiyo ya 1968. Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 waache kugeuza saa, na mpaka leo wanageuza. Kijana, weka kompyuta saa ya Dar es Salaam ujaze tena.

Mchangamdogo, London
Hapana ami! Dar iko saa tatu mbele ya UTC, itatoka 31 Desemba tena. Aliyeko Unguja akijaza fomu hiyo hukosewa mwaka mzima, si kiangazi tu. Weka Abidjan, wao wako sawa na UTC.

Mwana wa Wete, Leicester
Nimeweka Abidjan. Imetoka 1 Januari 1970! Allah akulipe kheri. Lakini lile la mwanzo nimeshalilipia na limeshakwenda. Nifanyeje nalo?

Mama Nassor, Milton Keynes
Alhamdulillahi. Mimi hapa Desemba Magharibi inaingia saa kumi kasoro, Juni saa tatu na nusu usiku. Kwetu haichezi hata saa nzima mwaka mzima. Mama yangu Mkoani hana saa ukutani. Akiona kuku wanapanda mti anaweka maji ya udhu jikoni, na mimi nikipiga simu usiku Oktoba ile najikuta nimemwamsha.