Pampu ya kisima kwa sola ya kufunga mwenyewe: AC (umeme wa nyumbani) na inveta, au DC (umeme wa paneli na batri) moja kwa moja kwenye paneli?

Baba wa Katuba
Jambo wote. Kisima changu hapa Lubumbashi kina mita 18, tanki la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 4. Tuko watu tisa. Nina paneli 2 za wati 300, batri moja ya asidi (volti 12, ampea-saa yaani Ah 200) na inveta, kifaa cha kugeuza DC kuwa AC, niliyoifunga mwenyewe. Taa, televisheni na friji ndogo vinaenda vizuri. Nikiwasha pampu ya kuzamisha, ya AC, nusu hosipawa, inanguruma kidogo, inveta inalia, nyumba nzima giza. Fundi mmoja anasema niongeze batri, mwingine anasema niuze pampu nichukue ya DC. Watoto wamerudia kamba na ndoo, viganja vya binti yangu mkubwa vimechubuka.

Fundi Kasapa
Papa, batri yako inatosha. Kupandisha lita 1,000 mita 22 ni kama wati-saa (Wh) 60 tu. Pampu hizi ndogo zinapoteza mingi, basi tuseme 400. Batri yako ina 2,400 (volti 12 mara Ah 200). Hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, unazo 1,200. Shida ni pale mota inapoanza kuzunguka: inavuta umeme mara 3 hadi 6 ya kawaida yake. Kwa volti 12 hizo ni ampea 140 na kupita. Waya wa kutoka batri hadi inveta una unene gani?

Baba wa Katuba
Milimita mraba 10, mita 3.

Fundi Kasapa
Ni huo. Ampea 150 zikipita humo kwenda na kurudi, volti 1.5 inapotelea njiani. Inveta inaona batri imekwisha, inakata. Weka wa milimita mraba 50, usizidi mita moja, vichwa vyake vibanwe kwa mashine, si kwa koleo. Hakikisha pia inveta inatoa umeme wa mawimbi laini, kama ule wa gridi. Ile ya mawimbi ya ngazi itachemsha mota.

Mama Ruashi
Mimi njia hiyo niliiacha. Pampu yangu ni ya DC, paneli 3 zinaingia kwenye kidhibiti chake (kisanduku kinachoendesha pampu), basi. Hakuna batri, hakuna inveta. Saa mbili asubuhi maji yanatoka kama uzi, saa sita bomba limejaa. Wingu likipita, inapunguza mwendo bila kuzima. Akiba yangu ni maji: tanki la lita 2,000 halizeeki kama batri. Kiangazi jua ni zuri ila vumbi jekundu linafunika paneli, nazifuta kila Jumamosi kabla hazijapata moto.

Kijana wa Kampemba
Mama, kwa heshima: kidhibiti changu cha DC kilikufa kwa radi mwezi wa kwanza, na hapa mtaani hakuna aliyeweza kukifungua. Mota ya AC ikiungua, mafundi wa kuisuka upya ni wengi.

Mama Ruashi
Ni kweli mwanangu, pole. Kwangu nilizika nondo ya ardhi, ya kupeleka radi chini, kabla ya mvua. Papa, pampu yoyote utakayochagua, weka kihisi cha maji kisimani, kiizime maji yakipungua. Mwezi wa kumi maji yanashuka sana, pampu ikizunguka kavu inaungua. Na ining'inie kwa kamba ya nailoni, waya wa umeme usibebe uzito.

Fundi Kasapa
Kwa anayeanza sifuri, nakubaliana na mama. Papa ana pampu tayari, atengeneze waya kwanza.

Baba wa Katuba
Aksanti sana. Leo nimeazima waya mnene kwa jirani mchomeleaji. Pampu imewaka mara moja, taa zimefifia kidogo tu, tanki limejaa kwa dakika 45. Kihisi nanunua kesho. Lakini nimegundua jambo lingine: paneli zangu zinatazama kusini, nilifuata video ya Ulaya.

Fundi Kasapa
Zigeuze kaskazini, papa, sisi tuko kusini mwa ikweta; ulalo wa digrii 12 hadi 15.

Baba wa Katuba
Napanda juu ya bati Jumamosi.