Nimeuziwa mtutu wa kugeuza Glock 35 kutoka .40 kwenda 9mm kwa maneno ya "unachomeka tu", nimeishia kufutiwa alama

Wakuu, nimepigwa, na hasira haijatoka.

Mimi ni mlengaji wa mashindano, niko huku Texas, nacheza mechi za USPSA, chama cha ulengaji wa bastola wa Marekani. Bastola yangu ni Glock 35 ya .40 S&W, risasi nene na yenye nguvu kuliko 9mm. Niliinunua nikiwa daraja la Limited, na kule .40 ilikuwa na faida yake: ukifikisha kipimo cha nguvu (uzito wa risasi mara mwendo wake) cha 165 unahesabiwa Major, yaani nguvu kubwa, risasi ikitua eneo la C kwenye shabaha unapata alama 4 badala ya 3, ikitua eneo la D unapata 2 badala ya 1. Baadaye nikafunga doti (kilenga cha nukta ya mwanga) nikahamia Limited Optics, daraja la bastola zenye doti. Huko kila mtu anahesabiwa Minor, yaani nguvu ndogo, uwe na .40 usiwe nayo. Sasa teke lote lile nalibeba la nini, na 9mm ni rahisi sokoni?

Nikaenda dukani. Jina la duka siliweki. Nikamweleza muuzaji kila kitu: modeli, doti niliyofunga, mechi ninayoiendea. Akanitolea mtutu wa kubadilishia, unene wa nje kama wa .40, chemba na tundu la 9mm. Nikamuuliza mara mbili, kuna kingine cha kubadilisha? "Hakuna, chomeka upige. Hata magazini zako tumia hizo hizo." Akaniongezea na maboksi ya risasi za greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), akasema zinapita kipimo bila shida.

Jamani, kitako cha ganda la .40 kina upana wa milimita 10.8 hivi, cha 9mm hakifiki 10. Uso wa slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) na ekstrakta (kidude kinachovuta ganda kutoka chemba) vimechongwa kwa ganda nene. Ejekta, inayolitupa ganda nje, nayo imepinda kwa ajili ya .40. Midomo ya magazini ni mipana, risasi ya 9mm inacheza mle ndani na kupanda imeinama. Juu ya hapo slaidi ya .40 ni nzito kuliko ya 9mm, na yangu imebeba doti. Ukiisukuma kwa risasi dhaifu hairudi nyuma vya kutosha, ganda linabanwa mlangoni limesimama wima. Haya mtu anayeuza mitutu ya kubadilishia anayajua. Ni kazi yake kuyajua!

Uwanjani nilikuwa nimejaribu risasi 50, ganda moja tu likanasa. Nikamuuliza muuzaji, akajibu ni upya wa mtutu.

Mechi yenyewe ilikuwa ya ngazi ya jimbo. Kituo cha pili, shabaha 12, risasi mbili mbili, alama 120 zikiwa zote A, eneo la alama 5. Matokeo ni alama gawanya kwa sekunde, kwa hiyo kwa sekunde 20 ningetoka na 6.0. Bastola ikanasa mara tatu, nikamaliza kwa sekunde 34. Gawanya mwenyewe, ni 3.5. Alama zote nilizipata, muda ndio ulionimaliza.

Halafu tukafika kwenye kroni, kituo cha kukagua nguvu ya risasi. Wanachukua risasi zako chache, moja wanaing'oa kichwa na kukiweka kwenye mizani, nyingine wanazifyatua kupima mwendo. Zangu zilitoka futi 1,060 kwa sekunde. Zidisha kwa 115, gawanya kwa 1,000: 121.9. Kiwango cha chini ni 125. Ofisa akaniambia kwa upole kabisa kwamba naweza kuendelea kupiga, ila bila alama. Ada ya mechi, hoteli, mafuta ya gari saa nne kwenda na saa nne kurudi, vyote vimekwenda.

Nimempigia muuzaji. Ananiambia nimeshika bastola kilegelege! Na mtutu ukishapigwa risasi haurudishwi.

Nimenunua magazini za 9mm na ejekta ya 9mm kwa hela yangu, nikahamia risasi za greni 124 zenye nguvu. Jumapili nimepiga 200, hakuna iliyonasa. Kwa hiyo mikono yangu ni ile ile, ushauri wake ndio ulikuwa mbovu.

Kingine ambacho hakunitajia: slaidi bado imeandikwa 40. Ukirudisha mtutu wa zamani ukasahau risasi za 9mm kwenye begi, zinaingia kwenye ile chemba pana na zinaweza kulipuka humo ganda likapasuka. Mimi nimetenga begi mbili za rangi tofauti. Na mlio nyumbani Kenya na Tanzania, huku mtutu unauziwa tu, fremu yenye namba ndiyo inayohesabiwa kuwa silaha. Kwenu msiguse kitu kabla ya kuuliza waliowapa leseni.

Nilicholipia kwa kadi ni mtutu na risasi, na benki nimeshawapelekea pingamizi pamoja na ujumbe wake wa "chomeka upige". Aliyewahi kurudishiwa hela ya mtutu uliokwisha kupigwa aje aniambie aliiandikia benki nini, wananitaka niwe nimejibu kabla ya Ijumaa.