Naomba ushauri: vidonge vya madini ya chuma na kiungulia

Ndugu wanajamvi, nina umri wa miaka 41 na nimekuwa nikitumia omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) miligramu 20 kila asubuhi kwa takriban miaka miwili kutokana na kiungulia. Mwezi uliopita vipimo vilionyesha upungufu wa damu, nikaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, na tangu hapo moto wa kifuani umerudi, hasa ninapovimeza usiku na kulala mara moja (kosa langu, nakiri).

Kinachonitatiza ni kwamba chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu na lenye asidi, ilhali dawa yangu huipunguza asidi hiyo, na matumizi yake ya muda mrefu yanaweza pia kushusha vitamini B12 na magnesi mwilini. Vitamini C husaidia ufyonzwaji, lakini maji ya ndimu huniunguza koo.

Je, aliyepitia hali hii alipangaje saa za kumeza dawa hizi mbili? Je, dagaa, maini na mchicha vyaweza kutosha bila vidonge? Na nimwombe daktari anipime B12 pia?